Kipimo cha Kintinku

Siku mliponiaga mlinipa kiti cha plastiki, blanketi, na keki iliyokwisha kabla haijanifikia, kisha mkataka niseme neno. Nilisema asante nikaketi, maana magoti yangu hayapendi hotuba. Lakini baadaye, tukiwa tunaosha sahani, binti mmoja kati yenu aliniuliza: "Mama Zuhura, kwa nini kila sabuni mpya lazima mtu aiogee kwa maji ya moto, halafu akasimame juani saa sita mchana kama mwanafunzi mchelewaji? Na kwa nini tunakiita kipimo cha Kintinku wakati sisi tuko Mandewa?" Nilimjibu kwamba ni habari ndefu. Sasa nimestaafu, sina tena ndoo ya kukoroga, kwa hiyo urefu wake haunisumbui.

Nianze na siku ya kwanza. Wakati ule karakana yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Mama Neema, Mnyaturu mrefu, muimba kwaya, mwenye sauti iliyozoea kufika viti vya nyuma. Yeye ndiye aliyeanzisha kikundi. Hakuniuliza nimesoma wapi wala nimetokea wapi. Alichukua kipande cha sabuni mezani akanikabidhi.

"Lamba," akasema.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikidhani hatujaelewana.

"Marahaba. Lamba."

Nikalamba. Ulimi ukashtuka kama tulipokuwa tukijaribu betri za redio kwa ulimi utotoni. Akaniuliza kama imeuma, nikaitikia kwa kichwa, kwa kuwa ulimi ulikuwa na shughuli zake. "Basi kostiki soda imezidi," akasema. "Sabuni ikikuuma ulimi, itamng'ata mteja mahali pabaya zaidi. Sasa umeshaanza kazi, kachukue aproni." Tangu siku ile nimelamba sabuni nyingi kuliko asali, na hii ni Singida, mkoa wenye asali.

Tuligawana kazi bila kukaa kikao. Umbile la sabuni lilikuwa langu: kama ni laini, kama inapasuka, kama ina chengachenga, nilijua kwa vidole. Harufu ilikuwa yake. Mama Neema aliinua kipande, akafumba macho, akavuta pumzi, na akapata kilichopungua. "Ongeza mchaichai." "Ongeza limau." "Ongeza siku chanjani, bado inanuka ndoo." Miaka yote hiyo sikumwona hata mara moja akinusa kitu na kukiacha kilivyo. Hata msibani, alipopitishiwa sinia la pilau, alinusa kwanza, na wafiwa wakaambiwa waongeze iliki.

Matatizo tuliyoyapata, mengine mnayajua kwa sababu niliwasumbua nayo. Kuna unga mweupe unaoota juu ya sabuni changa. Wageni hudhani ni ukungu, kumbe ni upepo wa Singida umeipiga kabla haijatulia. Dawa yake ni kuifunika kwa kanga nzito na kuziba dirisha. Kuna madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu ya mafuta yaliyochacha, hayo ni alizeti ya zamani, na hakuna pafyumu duniani inayoweza kuyanyamazisha. Kuna mwaka tulikausha sabuni kwenye ghala la jirani mfanyabiashara wa vitunguu, kwa kuwa lilikuwa na hewa nzuri. Mteja mmoja alirudi na kipande chake mkononi. Alisema kila akitoka bafuni, mumewe anauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Halafu kuna karafuu. Mama Neema alitaka sabuni ya karafuu kwa ajili ya Krismasi, akamimina mafuta yake kwenye ndoo kabla sijamaliza kukoroga. Karafuu haina subira. Uji uligeuka ugali, ugali ukageuka jiwe, na mwiko ukabaki umesimama katikati. Nilipouvuta, ndoo nzima ikanyanyuka pamoja nao. Tuliusukuma huku na huku, tukauita majina, mwishowe tukaichana ndoo kwa msumeno na kubaki na gogo la sabuni lenye mpini. Mama Neema alilinusa. "Ongeza mdalasini kidogo," akasema, wala hapakuwa na mahali pa kuongezea.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kwetu alizeti ndiyo mali, na ni rahisi mtu kutaka kutengeneza sabuni ya alizeti tupu. Inatoka laini, nzuri kwa ngozi, lakini ukiiacha kwenye kisahani chenye maji, kesho yake unakuta kamasi. Wateja walikuwa wakiichota kwa kijiko. Nikamwambia Mama Neema kwamba dawa yake ni mafuta ya mnyama, yatakayoipa mifupa. Akakubali. Tukanunua mafuta kwa mchinjaji, naye akatuambia kwa uaminifu kabisa kwamba ni ya mbuzi. Hakusema ni mbuzi gani, na sisi hatukuuliza.

Sabuni iliyotoka ilikuwa fahari yangu. Ilikuwa ngumu, nyororo, na kisu kilipita bila kubakiza chenga. Yeye akatia mchaichai, akanusa, akaongeza mchaichai tena, akanusa, akaiogea wiki nzima na kuridhika. Mkumbuke hapo jambo moja: Mama Neema alioga maji baridi maisha yake yote, hata Julai, hata upepo wa Mandewa ukitaka kung'oa bati. Alisema maji ya moto ni ya wagonjwa na ya chai.

Mwaka ule binti yake, Neema, alikuwa ameolewa Kintinku, kule bondeni kwenye joto, na kijana mkulima na mfugaji aitwaye Elia. Mama Neema akakataa kuiuza sabuni ile kabla wakwe hawajaionja. Katoni ya kwanza ikapanda basi kwenda Kintinku.

Mnajua mambo ya ukwe. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja, hawataniani, na maneno yao hupita kwa mtu mwingine. Mtu huyo mwingine nilikuwa mimi. Basi Elia akanipigia simu. "Mama, mwambie mkwe sabuni tumeipokea. Ni nzuri sana. Tumeshukuru mno." Nikapeleka salamu. Mama Neema akatabasamu mpaka jioni, na kesho yake akatuma katoni nyingine. Elia akapiga tena, akasema hii ya pili imeizidi ya kwanza. Ikaenda ya tatu. Kila tukituma tunasifiwa, na kila tukisifiwa tunatuma, hata ya kuuza na ya kuogea wenyewe tukaisahau.

Wakati huohuo Neema alikuwa mjamzito. Mimba ya kwanza, binti anarudi kujifungulia kwa mama yake. Jambo hilo halikuwa na mjadala. Mama Neema alikuwa ameshapaka chumba chokaa na kununua beseni. Miezi ikafika, Neema hakuja. Kwanza alisema anamalizia kupalilia. Halafu alisema ana mafua. Halafu alisema mabasi yamejaa, kana kwamba yaliwahi kuwa na nafasi. Mwishowe simu ikawa haipokelewi kabisa.

Mama Neema hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha. Siku moja nilimpelekea sabuni mpya aipime. Aliishika, akaitazama, akasema, "Pakieni." Hakuinusa. Nilimfuata nyuma ya nyumba nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mwanangu amenikataa, Hadija," akasema, na ni mara chache aliniita kwa jina langu. "Nimemkosea nini, hata akazalie kwa watu wakati mimi nipo?"

Kwenda mwenyewe alikuwa hawezi. Mama mkwe hajipeleki kulala nyumbani kwa mkwe wake, hata kama moyo unawaka. Nikamwambia nitakwenda mimi, kwa kisingizio cha kutafuta mafuta ya mnyama. Akanipa katoni nyingine ya sabuni niwapelekee.

Nilishuka Kintinku jua likiwa kichwani. Elia alikuwa amekuja kunipokea barabarani, na nyuma yake palikuwa na mbuzi majike, kundi zima, wametulia kama kamati ya mapokezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kumbe ulikuwa unachunga?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukupokea wewe tu."

Alipoinama kuchukua katoni, mbuzi mmoja akaweka kidevu begani kwake na kufumba macho. Elia akajifanya hajaona, nami nikiwa mgeni nikajifanya hivyohivyo. Tukatembea mpaka nyumbani tukizungumzia mvua, mbuzi wakitusindikiza. Tuliwakuta majirani kivulini, nikawaamkia kwa "mbukwenyi", Kigogo pekee ninachokijua. Waliitikia vizuri, wakaitazama katoni, kisha wakatazama chini.

Neema alitoka kunipokea, tumbo likiwa mbele sana. Alifurahi kuniona, kisha akasimama mbali kidogo kuliko furaha yake. Tukaandaliwa chakula. Elia akaniletea maji ya kunawa, ya vuguvugu kama inavyostahili mgeni, na kipande cha sabuni yetu. Nikanawa. Mara harufu ya beberu ikajaa chumbani, na si beberu wa hivihivi, ni beberu mzee, mwenye ndevu na mji wake.

"Elia, baba," nikasema, "mfukuzeni kwanza huyo beberu tule."

Wote wawili wakaangalia dari.

"Mama," akasema Elia taratibu, "hapa hatuna beberu. Tulimuuza kabla hatujaoana."

Nikageuka kuangalia chini ya meza. Nikaangalia mlangoni, ambako palikuwa na majike tu, wakinitazama kwa mapenzi mapya. Kisha nikainua viganja vyangu nikavinusa. Naapa, miaka yote ya kazi sijawahi kutamani kuikana mikono yangu kama siku ile.

Neema akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio kabla hakijafika mwisho. Alisema ilikuwa hivyo tangu katoni ya kwanza. Ikiwa kavu inanukia mchaichai. Ikikutana na maji ya moto, au jua la Kintinku likikutoa jasho, yule mwingine anaamka. Alisema alishawahi kupanda basi kuja nyumbani. Joto lilipokolea abiria wakafungua madirisha, konda akapita akiinama chini ya viti kutafuta mbuzi, akatangaza kwamba mwenye mzigo ule ajitokeze, mnyama hasafiri na watu. Akasimama mbele ya Neema kwa muda mrefu, akatazama tumbo lake, akashindwa kuuliza. Neema akashuka Manyoni akarudi.

"Ungebadilisha sabuni, mwanangu," nikasema.

"Nilibadilisha, mama mdogo. Imeshaingia kwenye mashuka, kwenye godoro, kwenye nywele. Na pua ya mama unaijua. Nikifika tu mlangoni atajua ni sabuni yake. Atajua kwamba muda wote huo tunamsifia uongo. Nitamwonaje usoni?"

Nikamgeukia Elia. Nilimuuliza ilikuwaje mtu mzima anajipaka beberu miezi yote hiyo na kupiga simu kushukuru.

"Mama, ile ni zawadi ya mkwe," akasema, na kweli alinihurumia kwa kutojua. "Haikataliwi, haigawiwi, wala haisemwi. Ningesemaje? Ningemwambia mama mkwe wangu kwamba ananuka?" Kisha akaongeza kwa haya: "Halafu faida ipo. Majike wote wamechangamka. Walikuwa hawashiki mimba, sasa wote wameshika kwa beberu wa jirani. Watu wanakuja kuazima kipande wakapake kwenye zizi."

Nililala kwao usiku mmoja, kwenye lile godoro, na sitalieleza zaidi. Nilirudi Mandewa na jambo moja kichwani: namwambiaje. Karakana nzima ilisimama juu ya pua ya Mama Neema. Yeye mwenyewe alisimama juu yake.

Mwishowe sikumwambia kitu. Nilichemsha maji, nikayaweka kwenye beseni lile alilomnunulia mjukuu, nikampa kipande cha sabuni na kumwomba anawe. Alinung'unika kuhusu maji ya moto na wagonjwa. Kisha akanawa. Mikono ikasimama ndani ya povu. Akaileta puani, akafumba macho kama kawaida yake, na safari hii hakuomba kuongezewa kitu.

"Nani anajua?" akauliza.

"Kintinku nzima," nikasema. "Na mbuzi."

Nikamweleza yote, ya basi, ya konda, ya Manyoni. Aliposikia kwamba Neema haji kwa sababu anaogopa kumwaibisha mama yake, alilia kwa sauti ile ya kwaya, mpaka jirani wa vitunguu akaja kuuliza nani amefariki. "Nimempaka mwanangu beberu," alikuwa akisema, "naye ananifichia aibu." Nikalia naye. Huwezi kumwona mtu mrefu namna ile amekunjamana ukabaki mkavu.

Kisha akapangusa uso kwa aproni. "Ile sabuni imebaki?"

"Imebaki katoni moja. Nitaimwaga."

"Usimwage. Chemsha maji mengine."

Nilidhani huzuni imempanda kichwani. Lakini tangu jioni ile Mama Neema alioga maji ya moto asubuhi na jioni kwa sabuni ya beberu, akafulia nguo, akafulia mashuka, akasugulia sakafu ya kile chumba kilichopakwa chokaa. Kwaya ikamhamishia mwisho wa mstari, karibu na mlango. Mchungaji akafupisha mahubiri. Mbuzi wa Mandewa wakaanza kumsubiri getini, naye akipita anawasalimia. Mimi nilifanya kazi dirishani, kichwa nje.

"Sasa piga simu," akaniambia. "Mwambie mwanangu aje. Mwambie kwao kunanuka hivyohivyo."

Elia alimtafutia Neema usafiri wa lori lililokuwa limepeleka vitunguu Dodoma na kurudi tupu. Dereva hakulalamika, maana lori lake mwenyewe halikuwa na la kusema. Tulikwenda kumpokea mjini. Neema akashuka kwa tabu, akasimama upande ule wa barabara, hathubutu kuvuka. Mama yake akavuka. Lilikuwa jua la saa saba, nasi tulikuwa tumetembea. Nilimwona Neema akiinua pua, pua ileile ya mama yake, akashangaa.

"Mama," akasema, "hata wewe?"

"Hata mimi," akasema Mama Neema.

Wakashikana pale barabarani, wanacheka na kulia, na waendesha bodaboda wote wakasogeza pikipiki zao upande wa pili.

Tangu wakati huo mafuta ya mnyama tunayachemsha kwa maji na chumvi, tunayaacha yagande, tunakwangua uchafu wa chini, na tunarudia mpaka yasinuke kitu. Na hakuna sabuni inayotoka hapa bila maji ya moto na jua la saa sita. Pua ikinusa sabuni kavu kwenye upepo wa Mandewa inadanganywa, hata iwe pua kubwa kiasi gani. Sabuni safi ya kwanza tuliipeleka Kintinku. Elia akapiga simu: "Mwambie mkwe ni nzuri sana." Halafu akashusha sauti. "Lakini mama, ile ya zamani haipatikani kabisa? Mbuzi wamenuna."

Neema alijifungua siku chache baada ya kufika. Muuguzi alitoka mlangoni akauliza kwa ukali nani ameingiza mbuzi wodini, na Mama Neema akasimama akajibu, "Ni sisi." Akaruhusiwa kuingia, nami nikapenya nyuma yake. Mtoto alikuwa wa kiume, amefungwa kwenye kanga ambayo ilikuwa imefuliwa kwa sabuni mnayoijua. Mama Neema akampokea, akamwinamia utosini, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Nilikuwa namjua. Nilisubiri atafute kilichopungua.

Akamfunika kanga vizuri.

"Huyu," akasema, "asiongezwe kitu."